Kabla ya Mapinduzi Kulikuwa na Mgomo

Wiki mbili zilizopita, muda mfupi baada ya kipindi chetu kwenda hewani, kijana mmoja alifika kituoni akaacha barua kwa mlinzi, akaondoka bila ya kutaka kuonana nami. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo yeye hakuitaja jina na mimi siitafuti. Ameeleza kwamba yeye na wenzake walikubaliana kwenda pamoja kwa meneja kudai malipo ya saa za ziada. Siku ilipofika walitokea wanne tu. Wenyeji wa kijiji walisema hayo ni madai ya watu wa Bara. Watu wa Bara nao wakasema wenyeji wana kwao pa kurudi, je wao wakifukuzwa watakwenda wapi? Wale wanne mikataba yao ilipokwisha haikuongezwa. Mwisho wa barua yake kijana ameuliza swali moja tu: hapa Zanzibar wafanyakazi wamewahi kusimama pamoja hata siku moja, au hayo ni mambo ya nchi za watu?

Swali hilo halikuniachia usingizi. Naam, wamewahi, na wiki hii nimeona nimjibu mbele yenu nyote, kwa sababu si yeye peke yake asiyejua. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, mwalimu alitutaka tuandike miaka mitano mikubwa katika historia ya Zanzibar. Sote tuliandika 1964. Wengine waliandika 1873, mwaka lilipofungwa soko la watumwa pale Mkunazini, na wengine 1890, mwaka Waingereza walipoitia nchi katika himaya yao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika 1948. Na mimi ndiye niliyekuwa na kosa kubwa kuliko wote, kwani babu yangu mzaa mama alikuwa kuli wa bandari ya Malindi. Alikuwa na sugu begani kama kipande cha ngozi ya kiatu. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza alikuwa wapi siku ya Mapinduzi, yeye akanijibu kwa mwaka mwingine. Alisema, "Sisi tulianza mwaka wa mgomo. Siku ile bandari ilinyamaza." Sikumwuliza zaidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuja kujifunza vitabuni yale ambayo ningeyapata barazani kwetu.

Ili tuuelewe mgomo ule, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza. Lakini sheria iliyomwondolea mtu minyororo haikumpa ardhi. Mashamba ya karafuu yalibaki kwa wenyewe. Aliyekuwa mtumwa aliruhusiwa kujenga kibanda na kupanda mhogo chini ya mikarafuu ya bwana, kwa sharti la kupalilia shamba na kwa radhi ya mwenye shamba. Wengi waliona bora kuja mjini. Wakahamia ng'ambo ya pili ya kile kijito kilichokuwa kikiutenga Mji Mkongwe upande wa Darajani, ndiyo maana mpaka leo tunapaita Ng'ambo. Huko nako ardhi ilikuwa na wenyewe, na wapangaji walitozwa kodi ya kiwanja kilichobeba nyumba zao. Kodi ilipopanda sana katika miaka ya 1920, watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na mwaka 1928 mvutano ulifika kileleni hata serikali ikalazimika kuingilia kati. Kwa hiyo kugoma kwetu si jambo la jana.

Mji ule ulikula kwa jasho la bandari. Zanzibar ilikuwa inauza karafuu na kununua takriban kila kitu kingine: mchele, nguo, mafuta ya taa. Karafuu zilishuka kutoka mashambani katika magunia, na kila frasila, ambayo ni ratili 35 au karibu kilo 16, ilipita juu ya bega la mtu kabla ya kufika katika tumbo la meli. Mabega hayo yalikuwa ya makuli na mahamali. Wengi wao walitoka Bara, wengine walikuwa wazaliwa wa Ng'ambo. Wengi walikuwa vibarua: meli ikitia nanga kuna kazi, isipotia nanga hakuna kazi na hakuna chakula.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, nchi iliyokuwa ikituletea mchele, na Unguja ikajikuta inagaiwa chakula kwa kipimo. Tena kipimo chenyewe hakikuwa kimoja. Serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kufuata kabila la mtu, na Mwafrika aliambiwa chakula chake cha asili ni mhogo na mahindi, kwa hiyo mchele upewe wengine. Kuli aliyeshusha gunia la mchele melini hakuwa na haki ya kuula. Vita vilipokwisha mwaka 1945 bei hazikushuka, na ujira haukupanda kuzifuata.

Hali hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Januari 1947 Mombasa yote ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waligoma kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Kiongozi wao aliyetokea baada ya hapo, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule ule akawekwa kizuizini kwa karibu miaka kumi. Septemba 1947 wakafuata makuli wa Dar es Salaam, na mgomo wao ukapanda na njia ya reli mpaka miji ya ndani ya Tanganyika. Mabaharia na makuli wa pwani hii walikuwa wakijuana. Jahazi huja na kaskazi na kurudi na kusi, lakini habari ya mgomo haingojei msimu.

Hivyo tarehe 20 Agosti 1948 makuli wa kampuni ya African Wharfage, iliyokuwa ikishughulikia mizigo ya bandari yetu, waliweka chini kulabu zao. Walidai ujira unaolingana na bei za vitu. Ulipoingia mwezi wa Septemba mgomo haukuwa tena wa bandari, bali ulikuwa wa mji. Waliacha kazi vibarua wengine wa mjini, wakaacha kazi hata watumishi wa majumbani, yaani wapishi, madobi na mayaya, watu ambao mabwana zao walikuwa wakidhani ni sehemu ya samani za nyumba. Jina la kiongozi lililobaki katika kumbukumbu ni la Abbas Othman. Kwa jumla mambo yalichukua kama wiki tatu. Hawakupata yote waliyoyadai. Lakini serikali, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikiwaona makuli kama watu wa kuitwa kwa kidole, ililazimika kukaa chini na kuhesabu mtu wa Ng'ambo anakula nini na analipwa nini.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mwaka 1948 ulikuwa unatimia mwaka wa mia tangu Karl Marx na Friedrich Engels kuchapisha Ilani ya Chama cha Kikomunisti mjini London, Februari 1848. Kitabu kile kidogo kilisema kwamba wanaouza nguvu zao wana maslahi mamoja, wawe wa taifa gani au lugha gani, na kwamba wasipoungana watagombanishwa wao kwa wao. Kuli wa Malindi hakuhitaji kukisoma. Alikuwa hana chama cha siasa, kwani ZNP ilikuwa bado haijazaliwa, na ASP ndiyo kabisa. Mtu wa Bara na mtu wa Ng'ambo waligoma pamoja kwa sababu gunia lilikuwa na uzito ule ule juu ya mabega yao wote wawili. Nadhani hapo ndipo palipo na jibu la swali la kijana wetu.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwani yaliyofuata yana funzo kubwa zaidi.

Desemba 1955 ikaundwa ZNP, yaani Hizbu. Tarehe 5 Februari 1957 ikaundwa Afro-Shirazi. Mwaka huo huo Abdulrahman Babu alirudi kutoka London, alikokwenda mwaka 1951, akawa Katibu Mkuu wa Hizbu. Babu na vijana wenzake walikuwa wamesoma nadharia. Walikuwa wamejifunza kwa Lenin, aliyeandika mwaka 1902 kwamba wafanyakazi wakiachwa peke yao watafika kwenye kudai ujira tu, na kwamba ili kubadilisha utawala wanahitaji chama cha wanamapinduzi wa kuwaongoza. Fikra hiyo ina nguvu yake. Mgomo wa 1948 ulidai shilingi, haukudai nchi. Lakini nadharia hiyo ina mlango wa nyuma: ukiamini kwamba chama ndicho kinachojua, siku si nyingi utaamini kwamba chama cha wafanyakazi ni mtoto wa kuamrishwa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, kwa pande zote mbili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 wafanyakazi wa Visiwani walikuwa na mashirikisho mawili. Moja lilijulikana kwa herufi FPTU, likiongozwa na watu kama Ahmed Badawi Qullatein, na lilikuwa upande wa Hizbu. Jingine lilikuwa ZPFL, ambalo Hassan Nassor Moyo, seremala kwa fani, alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na lilikuwa upande wa Afro-Shirazi. Dunia nayo ilikuwa imegawika. Tangu mwaka 1949 vyama vya wafanyakazi duniani vilikuwa na makao makuu mawili yanayohasimiana, moja la upande wa Mashariki na jingine la Magharibi, na kila moja lilitafuta marafiki katika Afrika. FPTU ikaegemea Mashariki, ZPFL ikaegemea Magharibi. Kuli wa gati moja akawa na kadi mbili tofauti, na mwenye kadi ile akawa adui wa mwenye kadi hii.

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika miaka ile wenye mashamba waliwafukuza wakulima kwa sababu ya chama, na watu waligomea maduka kwa sababu ya chama. Siku ya uchaguzi, tarehe 1 Juni 1961, ghasia zilizuka mjini zikaenea mashambani, na watu 68 wakauawa. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Kiarabu waliokuwa wakiishi mashamba, wenye maduka madogo na vipande vya ardhi, si matajiri wa Mji Mkongwe. Miaka kumi na tatu tu ilikuwa imepita tangu bandari kunyamaza. Ugomvi wa mwenye kula na asiye na chakula ulikuwa umegeuzwa kuwa ugomvi wa nasaba.

Mwaka 1963 palikuwa na dalili ya kurekebisha mambo. Babu alijitoa Hizbu akaanzisha chama cha Umma, na viongozi wa FPTU wakaenda naye, na kambi mbili za wafanyakazi zikaanza kusogeleana. Lakini muda ulikuwa mfupi. Uhuru ulitolewa tarehe 10 Desemba 1963, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vikavamiwa. Serikali ya Mohamed Shamte ikaanguka kwa siku moja. Miongoni mwa walioivamia walikuwamo polisi wa zamani waliotoka Bara, ambao serikali hiyo iliwaachisha kazi. Sisemi kwamba wao ndio Mapinduzi. Nasema tu kwamba serikali iliyomfukuza mtu kazini kwa sababu ya alikozaliwa ilikuja kujuta.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mapinduzi yalitaifisha ardhi mwezi wa Machi 1964 na kuwagaia watu eka tatu tatu. Mwaka ule ule elimu ikawa bila malipo. Yakajengwa majumba ya Kikwajuni na Michenzani. Mzee Abeid Karume mwenyewe alikuwa baharia, na alipata kuongoza umoja wa wenye motaboti waliokuwa wakipeleka abiria melini pale bandarini, kwa hiyo serikali ilikuwa na haki ya kusema kwamba inajua kazi ni nini. Lakini yametendeka mambo mengine ambayo hatuyasemi sana. Chama cha Umma kilivunjwa Machi 1964 kikaingizwa Afro-Shirazi. Mashirikisho mawili ya wafanyakazi yakaunganishwa kuwa moja, na baadaye hilo moja nalo likamezwa likawa kama idara ya chama kinachotawala. Hoja ilikuwa nyepesi na tamu: serikali sasa ni ya wakwezi na wakulima, je mfanyakazi atagoma dhidi ya nani? Atajigomea mwenyewe?

Bara mambo yalikwenda vivyo hivyo, tena mwezi ule ule. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Baada ya uasi kuzimwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao la TFL likavunjwa, na ikaundwa NUTA chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na kiburi na kuwanyanyasa walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakayachukua maneno hayo kwa uzito wake. Kati ya 1971 na 1973 waligoma na kuwafungia nje mameneja huku wakikitaja kifungu hicho. Walijikuta hawana chama cha kuwasemea, kwani NUTA yenyewe ilikuwa upande wa pili wa meza.

La kustaajabisha ni kwamba hoja hii ilikwisha kujadiliwa na wakubwa wenyewe wa ujamaa. Mwishoni mwa mwaka 1920, miaka mitatu baada ya mapinduzi ya Urusi, Trotsky alitaka vyama vya wafanyakazi viingizwe katika dola, kwa sababu dola ni ya wafanyakazi na haiwezi kuwadhulumu wenyewe. Lenin alimpinga. Alisema kwamba dola ile ina urasimu ndani yake, na kwa hiyo mfanyakazi anahitaji chombo chake cha kujikinga hata dhidi ya dola inayosema ni yake. Yaliyotokea Urusi baada ya hapo yanajulikana: vyama vilibaki kwa jina, na ukali wake ukaondoka. Lakini hoja ile ilikuwa sahihi, na wanamapinduzi wetu waliosoma mengi ya Lenin waliuruka ukurasa huo. Babu mwenyewe alikuja kuonja uchungu wa nchi isiyokuwa na chombo chochote nje ya chama. Baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Babu alikamatwa Bara, akakaa ndani mpaka mwaka 1978.

Basi tumefika wapi? TANU na ASP ziliungana mwaka 1977, na wafanyakazi wakawa chini ya JUWATA, jumuiya ya chama. Vyama vingi vya siasa viliruhusiwa mwaka 1992. Hapa Zanzibar sheria ya vyama huru vya wafanyakazi ilikuja mwaka 2001, na baadaye likaundwa shirikisho la ZATUC. Mwaka 2005 zikapitishwa sheria mpya za ajira na za mahusiano kazini. Kwa maandishi, kijana wa chumba cha kufulia ana haki ambazo babu yangu hakuziota. Anaweza kujiunga na chama, na chama kinaweza kukaa na mwajiri na kufunga mkataba.

Lakini sheria ni kama ngalawa iliyovutwa pwani: isiposukumwa majini na watu wengi kwa pamoja hukauka ikapasuka. Yule meneja hakuhitaji kuvunja sheria yoyote ili kuwashinda. Alihitaji tu wenyeji waamini kwamba saa za ziada ni tatizo la watu wa Bara, na watu wa Bara waamini kwamba kunyamaza ndiko kutakakowaweka kazini. Ndiyo ile hesabu ya mwaka 1943, mchele kwa huyu na mhogo kwa yule, kasoro vibao tu.

Nijibu basi, na hapa nasema na wewe kijana uliyeniachia barua. Waliokutangulia walisimama pamoja, hapa hapa, kutoka gati la Malindi mpaka majiko ya Mji Mkongwe. Hawakuwa na sheria ya kuwakinga wala chama cha siasa cha kuwabeba. Walipopata vyama vya kuwabeba, vyama viliwabeba vikawapeleka vilikotaka vyenyewe, kwanza kwenye ugomvi, kisha kwenye ukimya. Kwa hiyo jiunge na chama cha wafanyakazi wa hoteli, na ukisha kujiunga, ulizia mambo mawili. Ulizia nani analipa gharama zake, kwani mwenye kulipa ngoma ndiye achaguaye wimbo. Na ulizia kama yule mwenzako wa Bara, au yule mwenzako wa kijijini, naye ameandikwa. Kama hakuandikwa, hamjawa chama bado.

Na nyinyi wengine mlio na wazee waliofanya kazi bandarini, mashambani au katika majumba ya watu, waulizeni wangali hai. Mimi nilichelewa. Babu alipofariki ndipo nilipokaa nikawaza kwamba nilimwona kila siku akisugua lile bega kwa mafuta ya nazi, na sikumwuliza hata mara moja siku bandari iliponyamaza, ni nani aliyeanza kuweka gunia chini.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.